Kisu Kilichorudi Hasamba

Mufulira, Rodeshia ya Kaskazini
2 Machi 1953

Kwa shemeji yangu Enoka Fanueli, mhunzi, Hasamba.

Shemeji, salamu. Mimi huku ni mzima, hofu ni kwenu. Mwandiko usikushangaze. Vumbi la mgodini limeniumiza macho, kwa hiyo jirani yangu wa chumba ndiye ananiandikia. Mkono wake mbaya, lakini moyo wake mzuri.

Nina neno moja, na ukishalisoma litie kwenye makaa yako. Kile kisu cha kukunja alichonipa Baba yenu siku ya arusi, kile ulichokitia mpini wa pembe kwa mikono yako mwenyewe, nakuletea ukigeuze kiwe cha mkono wa kushoto. Huku chini ya ardhi mkono wa kulia unashika taa muda wote. Kisu kikining'inia kiunoni upande wa kulia, sikifikii. Nataka kikae kushoto, kitoke kwa kushoto, na kifunguke kwa mkono huo huo mmoja bila kuomba msaada kwa mwenzake. Ule mfereji mdogo wa kuingizia ukucha uko upande usiofaa, na springi yake ni ngumu kuliko karani wetu siku ya malipo.

Najua ninachocheza nacho. Kwenu mkwe akirudisha kisu amerudisha mke. Dada yako Nesta mwenyewe alinitania siku ile ile kwamba nikikipoteza nitalala nje na mbwa. Basi kisipite mbele ya macho ya Baba hata kidogo. Nimemkabidhi Damiano wa Tunduma, yule anayevuka mpaka na vitenge, nimemwambia akupe wewe, mkononi, kibandani kwako. Barua hii sikumpa, naipitisha posta, kwa sababu Damiano hupenda kusoma vya watu.

Natumaini yule ng'ombe wa mwisho wa mahari alifika kwa Baba akiwa na mafuta. Nesta usimwambie kitu. Ana mengi ya kulima kule kwetu Mbebe, na mama yangu wa kumtunza, na Roda mgongoni.

Nakomea hapo.
Shemeji yako,
Jairo


Hasamba
11 Aprili 1953

Baba Roda,

Salamu sina. Tazama hapo juu nilipoandika mahali, usome mara mbili. Si Mbebe. Niko kwa baba yangu, kwenye chumba nilicholala nikiwa msichana, na mwanao analala kwenye mkeka niliorudi nao kichwani.

Kama hukujua, nikueleze ulivyonifanyia. Damiano wako alikuja na mizigo yake, akakuta kibanda cha Enoka kimefungwa. Enoka alikuwa Mbeya, akitafuta springi za malori za kufulia majembe. Damiano ana haraka siku zote, anafukuzia soko la Mlowo. Akaingia uani, akampa Baba kisu chako kwa mikono miwili, akasema mkwe wako Jairo ameniagiza nikilete hiki. Baba akamwuliza kimekuja na maneno gani. Damiano akasema hakuna maneno. Baba akakaa chini pale pale uani.

Mimi nilikuwa kwenye maharage, napalilia. Nikamwona baba mdogo anakuja mbio, nikadhani kuna msiba. Akasema, "Funga vyako, kisu kimerudi." Mama yako alijitupa chini akanishika miguu, akalia kwamba mwanawe amerogwa na wanawake wa mgodini. Nikamwinua mimi, mimi niliyerudishwa, ndiye niliyembembeleza mama wa aliyenirudisha. Njia nzima ya kupanda mpaka huku watu walisimama mashambani kututazama.

Jumapili kanisani wanawake walisogea kwenye benchi wakaniachia nafasi kubwa. Hakuna aliyesema kitu. Afadhali wangesema. Baba naye hasemi. Amekitundika kisu juu ya mlango, kila anayeingia akione, na kila anayetoka. Nikipita pale nainama, ingawa mlango ni mrefu.

Sasa nijibu. Tangu Krismasi barua zako zimeandikwa na mkono mwingine. Jirani wa chumba, unasema. Jirani gani huyo ambaye kila mstari wake umepakazwa wino, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe? Huo ni mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika jana. Nadhani wewe ndiye mwalimu wake. Nadhani anakupikia ubwali, ugali wa huko, na anakaa karibu yako ukimtajia maneno ya kumwandikia mkeo, naye anacheka. Nitajie jina lake tu. Sitafanya kitu. Nataka kulijua.

Na uniambie nimekosa nini. Nimelala nikitafuta kosa langu mpaka nimechoka. Kama nimekosa, mwanamume husema. Hatumi mchuuzi.

Nesta


Hasamba
20 Aprili 1953

Kwa shemeji Jairo.

Shemeji, nimerudi kutoka Mbeya nikakuta nyumba imeinama. Barua yako niliipata juzi, kisu kilitangulia. Posta imetuua.

Nimeisoma, nikaichoma kama ulivyosema, na sasa najuta kuichoma, maana ningempa Baba aisome yaishe. Nilijaribu kumwambia kwa mdomo kwamba kisu kililetwa kwangu kutengenezwa, hakikurudishwa. Akaniuliza, "Kutengenezwa nini? Kimevunjika?" Nikasema hakijavunjika, anataka kigeuzwe kiwe cha kushoto. Baba akasema mtu mwenye mkono wa kulia hatafuti njia za kushoto, ila kama anatafuta kututukana. Unajua alivyo.

Amesema hivi. Mwanzoni mwa mwezi wa nane, tukishamaliza kuvuna, tutachinja kama kila mwaka, na wakwe wote watakuja. Uje. Ukate nyama kwa kisu chako mbele za watu, umpe pande la kwanza kwa mkono wa kulia, na neno la kukurudisha Nesta litakuwa limekufa. Usipokuja, atawaswaga ng'ombe wako wote mpaka Mbebe na kumkabidhi mama yako. Amesema hivyo akiwa ametulia, kwa hiyo atafanya.

Mimi nakuamini kuhusu taa. Lakini sijaelewa kitu kimoja. Kugeuza kisu kwa mtu wa kushoto ni kazi ndogo: nakata mfereji wa ukucha upande wa pili, nahamisha pete, nashona ala mpya. Wewe umesema kifunguke kwa mkono mmoja tu. Hiyo ni kazi nyingine. Nitatoboa ubapa karibu na ribiti, ule msumari unaokunjia, nitie kifundo cha shaba, ukisukume kwa kidole gumba. Nahitaji kujua gumba lako linafika wapi. Weka mkono wa kushoto juu ya karatasi, uuzungushie penseli, unitumie. Ni jambo la kufumba na kufumbua.

Nesta hali vizuri. Nakuambia hilo nawe ni mumewe.

Enoka


Mufulira
15 Mei 1953

Shemeji Enoka,

Umeniomba nichore mkono wangu wa kushoto. Nimekaa na karatasi yako mbele yangu. Shemeji, ili uchore mkono wa kushoto unahitaji wa kulia wa kushika penseli.

Basi umejua. Ndani ya bahasha utakuta alama ya kiganja. Nimekipaka masizi ya taa nikakikandamiza kwenye karatasi, ndiyo njia niliyoipata. Jirani wa chumba hakuna. Macho yangu hayana ubaya. Ni mimi naandika, kwa mkono wenyewe huu unaouona kwenye masizi.

Ilikuwa wiki ya kabla ya Krismasi. Tulikuwa tunaunganisha vibehewa vya mawe, cha nyuma kikasogea kabla ya wakati. Sikuwa mlevi, sikuwa nasinzia, hata sababu ya kujilaumu sina, na hilo ndilo linaloniudhi. Hospitali wakaukata mkono juu kidogo ya kifundo. Nilipoamka niliuliza umewekwa wapi, muuguzi akanifunika shuka. Sasa kazi yangu ni kufagia stoo na kugonga mihuri.

Nikuambie aibu ilivyo, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Nakula peke yangu nikiwa nimeelekea ukutani, kwa sababu nakula kwa mkono ambao mama yangu alinichapa kila nilipoupeleka kwenye chakula. Mchungaji alinipa mkono mlangoni mwa kanisa, nikamwonyesha mkono mtupu wa koti. Tangu siku hiyo siendi kanisani. Kisu nilikuwa nakifungua kwa meno. Wazee waliposema kidole kimoja hakivunji chawa, sikujua wananisema mimi.

Naomba vitu viwili. Kwanza nyamaza. Apa kwa marehemu mama yenu kwamba Nesta hatajua. Ameandika kwamba nina mwanamke huku. Niliisoma barua ile nikaona nafuu, shemeji. Mwache aamini hivyo. Mwanamke akiachwa na mwanamume mbaya, watu humwonea huruma, kesho kutwa anaolewa. Akikaa na kilema, atakuwa anamkatia nyama kama mtoto mpaka wazeeke. Heri nionekane mbaya.

La pili, kitengeneze kisu, unirudishie. Kwenye kuchinja siji. Nitasimamaje mbele ya Baba? Kumpa mkwe nyama kwa kushoto kwenu ndiyo kusema chukua binti yako. Nikija nimemrudisha mbele ya watu, nisipokuja nimemrudisha nikiwa mbali. Naona mbali ni afadhali. Ng'ombe wakirudi Mbebe, mama yangu atakunywa maziwa.

Baba asijilaumu kwa lolote. Mkataba wa kwanza ulipokwisha nilikuwa nimefunga mizigo. Aliposema bado ng'ombe mmoja, nikaandikisha mwingine. Ndivyo ilivyo mahari, hata mimi Roda akiolewa nitasema bado mmoja.

Jairo


Hasamba
7 Juni 1953

Baba Roda,

Enoka hajaniambia kitu. Naanza na hilo usije ukamgombeza. Nilimwuliza, akatazama mvukuto wake. Nikamwuliza tena, akaanza kupiga chuma ambacho kilikuwa kimeshapoa.

Ni kisu chenyewe. Wiki iliyopita Baba alikwenda shamba la mbali. Nikapanda juu ya kinu nikakiangua pale mlangoni. Nilitaka kukitupa chooni, nikuambie ukweli. Nikakishika kwa hasira, nikahisi mpini unakwaruza. Nikaupeleka kwenye mwanga. Pembe imeumwa. Ina alama za meno, nyingi, moja juu ya nyingine, na katikati ya kila alama pana nafasi. Nani mwingine mwenye pengo la juu kama lako? Nililitazama pengo hilo miaka mitatu kila ulipocheka.

Nikajiuliza mtu mwenye mikono miwili anakiuma kisu kwa nini.

Nikazitoa barua zako zote tangu Krismasi nikazitandaza kitandani. Wino umepakazwa kutoka kushoto kwenda kulia, kila mstari, hata jina la mwanao. Nikachukua kalamu. Nikaishika kwa mkono wa kushoto, nikaandika jina langu, na mkono ukapita juu ya wino kabla haujakauka, ukapakaza. Nikaandika tena. Herufi zikalala kama zako. Yule mwanamke niliyekuwa nimemtukana miezi yote hiyo alikuwa wewe.

Nimeona aibu, Baba Roda. Ile barua ya mwezi wa nne ningeweza kuila ningeila. Nilimsema mtu anayejifunza kuandika upya kwa sababu ya kutaka kuniambia mimi kwamba yu mzima.

Lakini usidhani hasira imekwisha, ipo, imehama tu. Umeniweka kwenye benchi la kanisa peke yangu, ukaona ni heri. Ulifikiri mimi ni nani? Mnunuzi wa chungu sokoni, akiona kina ufa anakirudisha? Mficha uchi hazai. Ungeniandikia neno moja Krismasi, kisu kingekuja na maneno, na mimi ningekuwa Mbebe navuna maharage yangu badala ya kupewa pole na wajinga.

Aya hii naiandika kwa kushoto ili uone sikutanii. Inaniuma kifundo. Naona ulivyotaabika.

Njoo kwenye kuchinja. Mkono wa kulia mimi ninao, na ni mzima, una sugu mpaka kwenye vidole. Utakata, nitasimama, nitauweka chini ya wako tumpe Baba pamoja. Akikataa, atakuwa amekataa wa binti yake. Baba sijamwambia, wala sitamwambia. Hilo ni lako, kwa mdomo wako.

Roda amejifunza kutembea. Usiponiamini njoo uone.

Nesta wako


Mufulira
28 Juni 1953

Mama Roda,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeisoma tena. Ile aya ya kushoto ni mbaya kuliko zangu. Nimecheka peke yangu mpaka watu wakagonga ukuta.

Lakini nakuogopa. Sikuogopi wewe, naogopa siku utakayoniona nikijaribu kufunga kifungo cha shati. Kwenye barua ni rahisi. Kwenye barua mkono haupo kwa maneno tu. Ukiwa mbele yangu utakuwa haupo asubuhi, haupo mchana, haupo wakati wa kumbeba mtoto.

Na Baba? Unasema utauweka wako chini ya wangu. Mwanamke hasimami pale kwenye nyama, unajua. Utanikinga mimi na aibu kwa kujivika wewe. Watu watasema mkwe wa Fanueli amekuja na mkewe amshike mkono, kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Nimeomba ruhusa kazini. Sijui kama nitapanda lori au nitarudi kutoka stendi. Sikuahidi. Nikiahidi halafu nisije nitakuwa nimekurudisha mara ya pili.

Jairo


Hasamba
12 Julai 1953

Shemeji Jairo,

Kisu kimekwisha. Nesta ndiye aliyekitoa pale mlangoni akaniletea. Nakueleza kazi, maana kazi ndiyo ninayoijua kuisema.

Ubapa niliuchomeka kwenye kiazi mbichi, makali ndani, mkia nje, ili moto ulainishe pale pa kutoboa tu na makali yasipoteze ugumu. Nikatia kifundo cha shaba, kidogo kama punje ya mtama, mahali gumba lako la masizi linapofika. Springi nimeipunguza kwa tupa kidogo kidogo mpaka ikakubali. Pete imehamia kushoto. Ala nimeshona kwa ngozi ya ndama, mdomo umeelekea mbele kidogo, ukishusha mkono unakikuta. Zile alama za meno nilitaka kuzisugua, Nesta akanikataza.

Sasa sikiliza. Jana nilikuwa nakijaribu, Baba akaingia kibandani. Tangu macho yake yaanze kufifia haingii mara nyingi. Akanyoosha mkono, nikampa, ningefanyaje. Akajaribu kukifungua kwa mkono wa kulia, gumba likateleza, likarudi, likateleza. Akakihamishia kushoto. Kikafunguka mara moja. Akakifunga, akakifungua tena. Akapitisha kidole kwenye pembe penye meno, taratibu, kama anasoma. Nilikuwa nimeapa, kwa hiyo nikainamia tupa yangu.

Alinirudishia kisu, akatoka, akaenda zizini. Alikaa kule juu ya ule mti wa kizuizi mpaka jua lilipotua, akiwatazama ng'ombe. Alipoitwa kula alisema hana njaa. Mimi sijui alichokifikiria, na sitaki kukudanganya kwamba ni kizuri. Siku ya kuchinja haijabadilika. Neno lake la ng'ombe halijabadilika.

Kisu hakitumwi tena kwa mtu. Nesta atakileta mwenyewe Tunduma mwisho wa mwezi, atangoja kwa dada yake Damiano, pale karibu na mpaka. Damiano ameona aibu mpaka amekonda; amesema atamlisha Nesta bure hata akikaa mwezi. Ukija atakupa. Usipokuja atarudi nacho, na mimi sitakuandikia tena. Si kwa ubaya, ila sitakuwa na la kusema.

Enoka


Hasamba
10 Agosti 1953

Kwa Mama, Jenista, Mbebe.

Shikamoo, Mama. Barua hii mwombe mwalimu wa Jumapili akusomee polepole, na ukae chini kabla hajaanza. Hakuna aliyekufa.

Niko Hasamba. Nesta na Roda wako nami, na Ijumaa tunashuka Mbebe wote watatu. Kisu sikukirudisha, Mama. Nilikituma kutengenezwa. Kosa langu ni kwamba nilikituma bila maneno, kwa sababu maneno yenyewe nilikuwa nayaonea aibu. Sasa nakwambia wewe, nawe ndiye wa mwisho kuambiwa, na hilo nalo ni aibu. Mkono wangu wa kulia umekatika. Ulikatika mgodini kabla ya Krismasi. Kidonda kimepona.

Mwalimu anyamaze kidogo hapo, kisha aendelee.

Nikueleze ilivyokuwa siku ya kuchinja, usisikie kwa watu kwanza. Nesta nilimkuta Tunduma kwa dada yake Damiano, anapepeta mtama. Hakukimbia kunipokea. Aliweka ungo chini, akaja, akashika koti langu upande wa kulia, akaikunja ile mikono ya koti na shati mpaka akaona. Alitazama vizuri. Kisha akairudisha chini, akanivalisha ala kiunoni kushoto, akasema tutachelewa lori.

Hapa Hasamba nilikaa siku nzima koti mwilini, mkono mfukoni, na jua lile. Wakwe wenzangu walinong'ona. Kuweka mkono mfukoni mbele ya wakwe! Nilisikia mmoja akisema mgodi umenifundisha kiburi. Nikaona ni afadhali kiburi.

Nyama ikaletwa, ubavu mzima juu ya majani ya mgomba. Baba amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini. Nikaitwa. Nikashusha mkono wa kushoto, kisu kikatoka, nikakisukuma kwa gumba, kikafunguka. Nikasikia watu wakiguna. Nikaanza kukata. Mama, sikuwa nimefikiria jambo moja. Ubavu ulikuwa na mafuta, majani yanateleza. Nikikata, nyama inakimbia. Nikakata tena, ikakimbia mpaka ukingoni. Mtu mmoja akacheka. Nyama hushikwa, na mimi sikuwa na cha kuishikia.

Basi nikautoa. Nikautoa mfukoni mbele yao wote, nikaikandamiza nyama kwa kile kilichobaki, nikakata. Yule aliyecheka akakatiza. Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Sijawahi kuvuliwa nguo mbele za watu, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa. Nilikuwa nalia bila sauti, machozi yanaanguka kwenye nyama ya Baba, na mkono wa kuyafuta umeshika kisu.

Nikachukua pande la kwanza kwa kushoto, nikasimama. Nesta akainuka kutoka kwa wanawake, akaja, mkono wake wa kulia ameshaunyoosha. Baba akasema, "Kaa chini, binti."

Nikajua nimemrudisha. Nesta alisimama pale pale, hakukaa.

Baba akaniuliza, "Mkono wako wa kulia uko wapi?"

Nikasema, "Ulibaki mgodini, Baba."

Akasema, "Uongo. Uko zizini mwangu. Ulikuja kwa miguu minne, na pembe, nikaupokea, na kabla haujafika nilikuwa nimekuletea neno kwamba bado mmoja." Ni mzee, Mama, na sijawahi kumsikia hivyo. Akawageukia watu. "Aliyekwisha kunipa mkono wa kulia wote, akinipa nyama kwa kushoto nitasema amenitukana? Aibu hii si ya mkwe wangu. Mniache niibebe mwenyewe."

Kisha akanyoosha mikono yake yote miwili, akaipokea ile nyama, akaila mbele yao, na hakuna aliyekula mpaka alipomaliza.

Alitaka nimrudishe yule ng'ombe wa mwisho Mbebe. Nimekataa. Akasisitiza, nikakataa tena. Tumeafikiana ndama wake atakuwa wa Roda.

Usidhani nimepona aibu, Mama. Leo asubuhi mtu alinipa mkono njiani, nikajifanya nafunga mshipi. Huenda na wewe utakaponiona nitauficha. Kama utalia, ulie leo, mwalimu akiwapo, ili Ijumaa unikute umekwisha kulia. Na chakula ukikitenga, kitenge pamoja. Nitakula kwa kushoto mbele yako, na usinichape.

Jambo la mwisho. Tangu Krismasi nimekuandikia kwamba jirani wa chumba ndiye ananishikia kalamu. Jirani huyo hakuwapo. Mwandiko ule wote mbaya ulikuwa wangu, na huu pia ni wangu.

Mwanao,
Jairo